Sukari 5.2 lakini kiuno sentimita 108: protini za damu, kitambi na usugu wa insulini kwa vijana wa Mwanza

Mkono wa Maabara (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Uzi huu ni wa vijana wa miaka 18 mpaka 35, hasa nyie wenye vitambi mnaoambiwa "sukari yako iko poa" halafu mnatoka hapo moja kwa moja kuagiza chips mayai na soda ya baridi. Nafanya kazi maabara hapa Mwanza. Si daktari, kwa hiyo anayetaka kuandikiwa dawa asinifuate faragha.

Siku hizi maswali ya CRP, leptini na "protini za unene" yamekuwa mengi dirishani. Watu wamesoma mtandaoni kwamba damu ikipimwa protini inamwonyesha mtu atakayeugua kisukari. Kuna ukweli ndani yake, na kuna chumvi nyingi pia.

Tuanze na insulini. Ukishakula, kongosho linaimwaga kwenye damu ili misuli, ini na mafuta vichukue sukari. Mafuta yakijazana tumboni na kwenye ini, seli zinakuwa sugu kwa insulini. Ni kama mgeni anayebisha hodi kwa watu wenye usingizi mzito: hodi ya kwanza kimya, ya pili kimya, anabisha mpaka ya nne ndipo mlango unafunguliwa. Kongosho linaongeza insulini mara mbili, mara tatu, na sukari inabaki pale pale kwenye 5. Hali hiyo inaweza kudumu miaka mingi, kumi na zaidi kwa wengine, kabla kongosho halijazidiwa. Muda wote huo kipimo cha kidole kinakusomea vizuri.

Angalieni hesabu hii. Wataalamu wa Oxford waliitoa mwaka 1985, inaitwa HOMA-IR: insulini ya asubuhi kabla ya kula, zidisha kwa sukari ya muda huohuo, gawa kwa 22.5. Juma ana sukari 5.2 na insulini 6, anapata 1.4. Hamisi ana sukari 5.2 ileile, insulini 18, anapata 4.2. Karatasi ya sukari ya hawa wawili inafanana, lakini kongosho la Hamisi linafanya kazi mara tatu. Hakuna kikomo kimoja cha dunia nzima, ila ikizidi 2.5 hivi wengi huanza kuuliza maswali.

Sasa protini. Zamani mafuta ya mwilini yalionekana kama ghala tu, mtu kajiwekea akiba. Mwaka 1993 watafiti Marekani walikuta mafuta ya panya wanene yanatengeneza TNF-alfa, protini ya uvimbe ileile inayotoka mwili unapopambana na wadudu, na ikizuiwa, insulini inafanya kazi vizuri zaidi. Mwaka uliofuata maabara ya Jeffrey Friedman pale Rockefeller, New York, ikaitambua leptini, protini inayotoka kwenye mafuta kwenda kuuambia ubongo "akiba ipo, acha kula". Ikaonekana wazi kwamba mafuta ni kiungo kinachotuma ujumbe mwili mzima.

Zinazotajwa sana ni hizi. Leptini, hupanda kadiri mafuta yanavyoongezeka. CRP, protini ya uvimbe inayotengenezwa na ini: mafuta ya tumboni yanamwaga IL-6, nayo ni protini ya uvimbe, ini likiipata linatoa CRP. Halafu adiponektini, ambayo mimi naipenda kuliko zote kwa sababu ni kichekesho. Inatengenezwa na mafuta, lakini mtu akinenepa inashuka badala ya kupanda! Nayo ndiyo inayosaidia insulini kufanya kazi. Mwenye leptini juu, CRP juu na adiponektini chini, mara nyingi ana usugu wa insulini hata kama sukari haijagusa 5.6.

Wenzetu hawapimi tatu tena. Uingereza, kwenye ule mradi wa UK Biobank unaohifadhi damu na taarifa za afya za watu, mwaka 2023 walitoa matokeo ya protini karibu 3,000 kwa watu zaidi ya 54,000, kila mtu kwa tone dogo la damu. Marekani kuna utafiti wa CARDIA ulioanza 1985 na vijana 5,115 wa miaka 18 hadi 30, weusi na weupe, wanafuatiliwa mpaka leo ni wazee. Kutokana na tafiti za namna hiyo ndiyo tunajua kwamba mambo haya huanza ujanani.

Msimamo wangu: kwa kijana wa Mwanza, protini hizi bado ni za watafiti. Ukija dirishani na pesa ya kipimo kimoja, usianze na CRP wala leptini. Sababu nitazitoa watu wakiuliza, maana uzi umeshakuwa mrefu.

---

Kitambi Halali

Chai hii. Kitambi ni pesa mkuu. Mimi nilikuwa na kilo 58, kila nikirudi nyumbani Sengerema mama analia, majirani wananong'ona nimeukwaa. Leo nina 97, napewa kiti cha mbele harusini. Unataka nirudi kule?

---

Mkono wa Maabara

Kitambi Halali, hakuna aliyesema urudi 58. Na hilo la kunong'onwa nalijua, huku kwetu mtu akikonda anazikwa kabla hajafa.

Ila kilo peke yake hazisemi mengi. Mwaka 2025 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet lilipendekeza unene usipimwe kwa uwiano wa uzito na urefu pekee, waangalie kiuno na kama viungo vimeshaanza kuathirika. Chukua futi kamba ya fundi cherehani. Simama, pumua nje, usibane tumbo (najua utabana), pitisha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanaume kikomo ni sentimita 94, mwanamke 80. Njia ya haraka zaidi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Una sentimita 170, kiuno kiishie 85. Lete namba hapa.

---

Kitambi Halali

Futi kamba ya mke wangu imeishia njiani 😂 Natania. 111.

---

Mwalimu Mstaafu Misungwi

Vijana, shikamooni kwanza mniitikie marahaba, maana humu adabu imekwisha.

Babu yangu alikula ugali wa muhogo, michembe na maziwa ya mgando mpaka akazeeka na meno yake. Hakujua leptini. Nyie mnakula chakula hichohicho mnaugua. Mnisaidie, tatizo ni chakula au ni nini?

---

Ngosha wa Igoma

Shikamoo mwalimu (umegeuza salamu lakini tumekuelewa).

Babu yako alilima pamba kwa jembe la mkono. Mimi niko kwenye pikipiki kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu usiku. Nikishuka ni kununua kitu: chapati na supu asubuhi, soda mchana, ya kuongeza nguvu jioni. Hatua ninazotembea kwa siku ni chache kuliko za kuku wa jirani. Niko 29 na suruali za mwaka jana nimempa mdogo wangu.

---

Mkono wa Maabara

Marahaba... samahani, shikamoo mwalimu.

Ngosha kajibu vizuri. Naongeza la misuli. Misuli ndiyo inayomeza sukari nyingi kuliko kiungo kingine baada ya kula, na ikiwa inafanya kazi inafungua milango ya sukari hata insulini ikiwa haba. Jembe la babu lilikuwa linafanya hivyo asubuhi nzima. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, vijiko vya chai tisa, na wewe uko juu ya kiti cha pikipiki, itaenda wapi? Inaishia kwenye ini, ini linaigeuza mafuta.

Takwimu za afya na demografia za 2015/16 zilionyesha asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wana uzito uliozidi. Miaka mitano nyuma yake ilikuwa 22. Mabadiliko ya haraka namna hiyo si ya vinasaba.

Ila mwalimu, wembamba nao wasijidanganye. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mwanza walichapisha mwaka 2021 kazi iliyoonyesha kwamba kwa watu wa kanda hii udhaifu wa kongosho lenyewe una mchango mkubwa kwenye sukari kupanda, si usugu wa insulini peke yake. Yaani wapo watu wembamba, kiuno 76, leptini chini, CRP chini, na sukari inapanda kwa sababu kongosho halitoi insulini ya kutosha. Kipimo cha "protini za unene" kitampita mtu wa namna hiyo bila kumwona.

---

Binti Malimbe

Naomba nisichekwe. Nina miaka 22, niko chuo. Shingo yangu nyuma imekuwa nyeusi na nene kama velveti, na kwapani pia. Nimesugua kwa dodoki, ndimu, magadi, mpaka nimejichubua. Wenzangu wa bweni wanasema sijui kuoga. Hedhi inaruka miezi miwili, na kidevuni nimeanza kuota ndevu. Nilipima sukari, 5.0. Hili lina uhusiano na uzi au nimepotea?

---

Mama Kliniki

Mwanangu hujapotea, umefika penyewe. Na weka dodoki chini, huo si uchafu.

Insulini ikiwa nyingi kwenye damu kwa muda mrefu, inachochea ngozi ya shingo, kwapa na kwenye mikunjo ikue haraka na iwe nyeusi. Mkunga anayejua kazi yake akiiona shingo hiyo anauliza habari za hedhi kabla hujakaa. Insulini hiyohiyo inasukuma ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Na hapa ndipo protini za mleta uzi zinapoingia: kuna moja inaitwa SHBG, ini linaitengeneza, kazi yake ni kuzibeba homoni hizo zisizurure. Insulini ikizidi, ini linapunguza SHBG. Homoni za kiume zinabaki huru, ndiyo ndevu, ndiyo chunusi, ndiyo yai kutopevuka. Kwenye faili huandikwa PCOS, yaani tatizo la ovari zenye vifuko vingi.

Nenda hospitali yenye daktari wa wanawake, usiende duka la dawa. Mweleze yote matatu kwa pamoja, shingo, hedhi na ndevu, usimpe moja moja. Watataka pia kuangalia tezi ya shingo na homoni ya maziwa, maana hedhi inaruka kwa sababu nyingi. Wala usikate tamaa ya kuzaa, wengi wanaopunguza hata asilimia 5 ya uzito hedhi hurudi yenyewe.

---

Binti Malimbe

Asante mama. Nimelia kidogo. Hakuna aliyewahi kuniambia si uchafu.

---

Nyakato Usiku

Mimi nilipelekwa na rafiki kwenye semina fulani hapa mjini, ukashikishwa fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta, dakika moja, ikatoa kurasa za majibu: kongosho dhaifu, ini lina mafuta, protini zimevurugika, "sumu" asilimia kadhaa. Nikauziwa makopo ya unga wa kunywa. Nimemaliza, kitambi kipo. Ile mashine inapima protini hizi unazozisema?

---

Mkono wa Maabara

Nyakato, pole sana. Walikutoa damu?

---

Nyakato Usiku

Hapana. Fimbo tu.

---

Mkono wa Maabara

Basi hakuna protini iliyopimwa. Protini ya damu inapimwa kwenye damu. Tunavuta kwenye mshipa, tunaacha igande, tunaizungusha kwenye mashine mpaka maji ya njano yakae juu na chembe nyekundu zibaki chini, halafu maji yale ndiyo yanakutana na kingamwili iliyotengenezwa kushika protini moja tu unayoitafuta. Sampuli ikikaa juani kwenye bajaji kutoka Buhongwa, au chembe zikipasuka maji yakawa mekundu, kuna vipimo tunavikataa na kukuomba urudi. Fimbo ya chuma haina hata pa kuanzia.

Anayetaka kujaribu, ampe mwenzake ashike, aandike jina la mwingine na umri mwingine. Ataona majibu yanafuata umri na uzito alioandika.

---

Jaduong Kisumu

Nawasalimu ndugu zangu kutoka upande wa pili wa ziwa. Huku kwetu hali ni hiyohiyo, mandazi na chai ya sukari asubuhi, kisha mtu anakaa ofisini kutwa. Swali langu ni dogo: kama leptini ndiyo inayoambia ubongo tuache kula, si tuuziwe sindano ya leptini tumalize?

---

Mkono wa Maabara

Karibu jirani. Hata wenye viwanda waliwaza hivyo leptini ilipotambuliwa. Mwaka 1997 Uingereza walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini kabisa, wana njaa isiyoisha na unene wa kutisha. Walipoanza kuchomwa leptini mabadiliko yalikuwa makubwa. Ila hao ni nadra sana duniani. Mtu mnene wa kawaida leptini anayo tele, ubongo ndio hausikii tena. Kumwongezea hakusaidii, na majaribio yalionyesha hivyo.

Naona wengi wanateleza hapa. Protini kupanda pamoja na unene hakuifanyi kuwa chanzo. CRP kwa mfano: tafiti za vinasaba zimeonyesha watu waliozaliwa na CRP ya juu kidogo hawapati unene wala usugu wa insulini kwa sababu yake. Unene ndio unaoipandisha. Kwa hiyo kutafuta "dawa ya kushusha CRP" ni kazi bure. SHBG iko tofauti, kwake vinasaba vinaonyesha inaweza kuwa na mkono kwenye kisukari chenyewe.

---

Ngosha wa Igoma

Mkuu umeahidi sababu za kutokuanza na CRP, hujatoa. Na mimi nina pesa ya kipimo kimoja au viwili. Nipime nini?

---

Mkono wa Maabara

Haya. CRP kwanza. Kwenye vitabu, ile ya kipimo chenye unyeti mkubwa, chini ya miligramu 1 kwa lita ni nzuri, 1 hadi 3 wastani, juu ya 3 hatari ya moyo inaongezeka. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa watu wasio na malaria. Hapa mtu ana vimelea kidogo hajui, ana jino bovu, ana kidonda cha bomba la pikipiki mguuni, alioga ziwani akapata kichocho. Malaria peke yake inaipeleka CRP kwenye makumi. Nikikupa 14 sijui nimepima kitambi au mbu. Ikizidi 10 usiihusishe na unene kabisa, tafuta ugonjwa kwanza.

Leptini na adiponektini: maabara nyingi huku hazipimi, sampuli inasafirishwa, bei inauma, na vikomo vyake havijawekwa kwa watu wetu. Hata ule mradi wa protini 3,000, walio wengi ndani yake ni wenye asili ya Ulaya.

Jingine ambalo wengi hawaambiwi ni HbA1c, kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Ni kizuri, 5.7 hadi 6.4 unakaribia kisukari, 6.5 kisukari. Lakini Kanda ya Ziwa karibu mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha sikoseli bila kuumwa, yaani AS. Kwa watu hao namba inaweza kutoka ndogo kuliko hali halisi, na baadhi ya mashine zinachanganyikiwa kabisa. Upungufu wa damu nao unaivuruga. Kwa hiyo ukijijua AS mwambie anayekupima.

Ngosha, mpangilio wangu ni huu. Futi kamba, bure. Presha, kwenye vituo vingi ni bure au bei ya maji. Sukari ya kufunga: ikiwa 5.6 mpaka 6.9 una onyo mkononi, 7.0 na zaidi rudia siku nyingine ithibitishwe. Ukibaki na chochote, pima mafuta ya damu. Trigliseridi juu na ile kolesteroli nzuri ya HDL chini, kwa kijana mwenye kiuno kikubwa, ni alama ya usugu wa insulini, ingawa kwa watu weusi trigliseridi zinaweza kuonekana nzuri huku usugu upo. Insulini ya kufunga ndiyo ya mwisho, kama daktari anaihitaji.

Na kabla hujauliza dawa: Marekani mwaka 2002 walitoa matokeo ya kuwafuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wanakaribia kisukari. Waliopangiwa kupunguza uzito asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, 31. Dakika 150 ni kama kupanda kilima cha Bugando kwa miguu badala ya kupanda boda. Samahani kwa biashara yako.

---

Ngosha wa Igoma

😂😂 Unaniulia soko halafu unaniomba msamaha.

Swali la mwisho. Kufunga maana yake nini hasa? Mimi nikiamka bila chai siendeshi. Na nilimaliza dozi ya mseto ya malaria Jumapili.

---

Mkono wa Maabara

Ni muda wa masaa manane mpaka kumi na mawili bila kula. Maji ruksa. Chai hapana, hata ya rangi isiyo na sukari iache, uji hapana, bazoka hapana. Watu wanafika dirishani saa nne wanasema "nimekunywa kidogo tu", tunawarudisha. Kula mapema usiku, njoo saa moja asubuhi, pikipiki utaiendesha baada ya hapo.

Sukari na kiuno unaweza kupima hata kesho. CRP, kama bado umeing'ang'ania, subiri angalau wiki mbili tangu umalize dozi na uwe huna homa, halafu urudie tena baada ya wiki mbili nyingine ulinganishe. Namba moja peke yake usinipostie hapa.